Namba, Ndugu na Mheshimiwa: Namna ya Kuitwa Kazini Handeni na Korogwe

Msemaji wa Kiswahili akisema "yeye", msikilizaji hajui bado kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. "Amefika" yatosha kwa shekhe, na yatosha kwa biharusi. Ndiyo sababu mtoto wa pwani anayeanza kujifunza Kiingereza humtaja mama yake kwa neno la kiume bila ya kukusudia utovu wa adabu, na darasa zima likacheka. Lakini asidhani mtu kwamba lugha hii imenusurika na ugomvi wa viwakilishi. Ugomvi upo, ila umekaa mahali pengine. Haumo katika "yeye". Umo katika "wewe".

Mtu mzima haambiwi "wewe" na mdogo wake, wala mgeni haambiwi na mwenyeji. Ajuaye adabu hulikwepa neno hilo, akaweka mahali pake mama, mzee, bwana, bibi, shangazi, sheikh. Huuliza, "Mzee asemaje?" ilhali mzee mwenyewe amesimama mbele yake. Na "wee!" likitamkwa kwa ukali ni tusi lililokamilika, lisilohitaji nyongeza.

Katika miaka ya 2010 na 2020, afisi nyingi za Uingereza, Marekani na Kanada zilianza kuwataka wafanyakazi wataje viwakilishi vyao, ama waulizane, ama waviandike chini ya majina yao katika barua. Makusudio yalikuwa kuwastahi wale ambao jinsia yao haitambuliki kwa kuwatazama tu, au haikubaliani na ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Pingamizi zikazuka, na Waswahili waliohamia huko wakajikuta katikati ya mjadala ambao lugha yao haikuwaandalia msamiati. Hata hivyo swali lililo chini yake si geni kwao. Nani aamue mtu aitwe vipi mahali pa kazi: mwitaji, mwitwaji, au mwenye kazi? Katika bonde la mto Pangani, kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe hadi nyika za Handeni, swali hilo limeulizwa na kujibiwa kwa zaidi ya miaka 100, na kila jibu lilipata wapinzani wake.

Kabla ya mkonge, kuitwa kulifuata nasaba na enzi. Juu ya milima ya Usambara, Wakilindi walitawala kutoka Vuga, na mfalme wao hakuitwa kwa jina, aliitwa Simbamwene. Kimweri ye Nyumbai alitajwa hivyo mpaka alipofariki mwaka 1862. Bondeni, Mazinde, ndipo alipokaa Semboja, aliyejitajirisha kwa biashara ya misafara, akavaa kanzu na kupokea wageni kwa taadhima ya kipwani. Ng'ambo ya mto, Wazigua wa Handeni hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwakusanya wote. Kwao heshima ilipimwa kwa umri, kwa ukoo na kwa watoto: mtu alikuwa baba wa fulani au mama wa fulani. Taratibu hizi mbili hazikufanana, lakini zilishirikiana katika jambo moja. Wito wa mtu ulijulikana na waliomzunguka, na hapakuwa na haja ya kumwuliza.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika pwani ya Tanga ilikuwa imebaki 62 iliyo hai, na kutokana na hiyo ukazaliwa msitu wa miiba uliofunika bonde zima. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakataka watu, na watu hawakuja kwa hiari kwa idadi iliyotakiwa. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, watawala walianzisha kadi ya kazi: kila mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kusema kwa niaba ya mtu.

Waingereza walirithi mashamba, na kipande kikaendelea. Kipande kilihesabu siku, si watu. Siku 30 zikijazwa, ujira ukalipwa; siku isiyojazwa haikuwako. Wenyeji wa bonde waliukwepa mkataba mrefu kila walipoweza, wakauza chakula ama wakafanya vibarua vya muda mfupi, isipokuwa njaa ilipowasukuma. Na Handeni, nchi ya mvua haba, njaa haikuwa mgeni. Kwa hiyo wenye mashamba waliagiza watu kutoka mbali: Unyamwezi na Usukuma, Uha, Ubena, Ruanda na Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kikaanzisha ofisi yake ya kuajiri, SILABU, iliyowasafirisha watu hao kwa maelfu. Katika miaka ya 1950 mashamba ya Tanganyika yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000.

Watu hao waliitwa manamba. Neno lenyewe ni namba, lililovikwa kiambishi cha wingi. Kamusi hueleza kwa ufupi kwamba ni kibarua aliyeletwa shambani kwa mkataba. Lakini aliyelisikia neno hilo Korogwe alijua kwamba ndani yake mna zaidi ya mkataba. Mna mtu aliyeacha jina lake stesheni. Mkata majani alihesabiwa kwa mizigo, kila mzigo majani 30. Aliyekuwa korona, yaani kiwandani palipochambuliwa nyuzi, alihesabiwa kwa zamu. Na wote wakahesabiwa kwa namba. Ajabu ya lugha ni kwamba namba ilianza kuwa njia ya kumtambua mtu katika daftari, ikaishia kuwa jina la tabaka zima, na baadaye tusi. Wenyeji nao walilitumia kwa dharau kuwaambia wageni wa bara, kana kwamba wao walikuwa wamezaliwa na karani.

Pamoja na namba kulikuwa na "wewe". Kiswahili cha walowezi, kile kilichofundishwa katika vijitabu vya kuwawezesha kuamuru watumishi na vibarua, kilitupa viambishi vya nafsi na kuacha amri tupu: wewe kuja, wewe leta, wewe ngoja. Wataalamu wa sarufi hukicheka kwa makosa yake. Kosa lake kubwa zaidi halikuwa la sarufi. Mtu wa miaka 50, mwenye wajukuu, aliambiwa "wewe" na kijana wa miaka 25 mbele ya wanawe, na aghalabu akaitwa "boi" ikiwa alifanya kazi nyumbani. Yeye alipaswa kujibu "ndiyo bwana", au "ndiyo memsahib". Neno la heshima lilikwenda upande mmoja tu, kama reli isiyo na treni ya kurudi.

Manung'uniko ya namna hii hayakuwa ya Afrika peke yake. Machi 1917, katika siku za kwanza za mapinduzi ya Urusi, baraza la wafanyakazi na askari la Petrograd lilitoa Amri Namba 1, na moja ya mambo yaliyomo ni kwamba ofisa asimwambie tena askari "wewe" ya kumdunisha. Watu waliokuwa na njaa na vita mlangoni waliona kiwakilishi ni jambo la kuandikwa katika amri ya kwanza kabisa.

Bondeni Pangani, madai yalisikika kwa kelele zaidi katika mishahara kuliko katika maneno. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950 chini ya Victor Mkello, na mgomo wa Mazinde wa mwaka 1958, mahali pale pale palipokuwa na boma la Semboja, ukajulikana nchi nzima. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mkello mwenyewe hakuepuka mkono wa serikali mpya: Januari 1963 alihamishwa kwa amri na kuzuiliwa Sumbawanga. Mwaka huo huo Nyerere alitoa waraka wa kukemea fahari na makuu yaliyoanza kuwazunguka viongozi. Mambo haya mawili yakiwekwa bega kwa bega yaonyesha tabia ya zama zile. Serikali ilikuwa tayari kumshusha mkubwa kwa maneno, lakini haikuwa tayari kumwacha mdogo agome.

Kisha likaja neno "ndugu". Ahadi za mwanachama wa TANU zilianza kwa kutaja undugu wa binadamu wote, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 neno hilo likashuka kutoka jukwaani hadi mezani na shambani. Oktoba mwaka huo serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Meneja aliyekuwa Bwana akawa Ndugu Meneja. Karani, Ndugu Karani. Na manamba, kwa mara ya kwanza katika maisha ya shamba, akawa Ndugu naye.

Inafaa kutua hapa na kutazama mbali kidogo, kwa kuwa mwaka ule ule wa 1967 jambo kama hilo lilitokea Uswidi. Lugha ya Kiswidi ilikuwa na shida inayofanana mno na ya Kiswahili: kumwambia mtu "wewe" moja kwa moja kulionekana ni ufedhuli, basi watu walizungukia kwa vyeo, wakauliza kama daktari angependa kahawa ilhali daktari ndiye anayeulizwa. Bror Rexed, aliyeteuliwa kuongoza idara ya afya ya nchi hiyo, alitangaza kwamba yeye atawaambia wafanyakazi wote "wewe" ya udugu, nao wamwambie vivyo hivyo. Uswidi ikashusha vyeo na kubakiza kiwakilishi. Tanzania ilifanya kinyume: ilikiacha kiwakilishi kilivyo, ikatafuta cheo kimoja cha kuwatosha wote. Nchi hizo mbili zilikuwa marafiki wakubwa wakati huo, na Waswidi wengi walikuja Tanzania kufundisha na kufanya kazi. Lakini kila moja ilipitia mlango wake.

Ndugu lilikuwa na faida ambayo waliolieneza hawakuisifu sana. Halikuuliza jinsia. Wala halikumwuliza mwanamke kama ameolewa. Chini ya taratibu za zamani, karani wa kike aliyefika ofisini Korogwe alipaswa kwanza kupangwa: je, ni Bibi, ni Binti, ni Mama Fulani? Kila neno lilibeba habari ya ndoa au ya uzazi, habari ambayo haikuhusu kazi aliyokuja kuifanya. Mwanamke asiyeolewa akiwa na miaka 40, mjane, aliyeachwa, asiyejaaliwa mtoto, wote hao walilazimika kuisikia hali yao ikitangazwa kila walipoitwa. Ndugu liliwafunika wote kwa kitambaa kimoja. Yaweza kusemwa, bila ya kutia chumvi, kwamba Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa na neno ambalo afisi za nchi nyingine zilikuja kulitafuta baadaye.

Na bado lilipingwa. Pingamizi la kwanza lilikuwa la lugha. Kwa Mswahili na kwa Mzigua, ndugu ni damu, au ni aliyefaa mahali pa damu; methali husema ndugu ni kufaana, si kufanana. Kumwita mtu ndugu kwa sababu tu mmeandikiwa ofisi moja kulionekana ni kukopa mali ya ukoo bila ya ruhusa. Pingamizi la pili lilikuwa la umri. Ndugu ni neno la usawa, na usawa baina ya kijana na mzee ni jambo zito kuliko usawa baina ya meneja na kibarua. Kijana aliyezoea kumwamkia mzee shikamoo na kungoja marahaba, akiambiwa amwite Ndugu, ulimi wake ulikwama. Na wengi waliunganisha yote mawili, wakasema "shikamoo, ndugu", mkunjo wa adabu ambao hakuna waraka uliouagiza.

Waumini nao walikuwa na lao. Waislamu wana udugu wao, na Wakristo wa uamsho walikuwa wakiitana ndugu kanisani muda mrefu kabla ya chama. Kwao neno hilo lilikuwa na sharti: udugu hutanguliwa na imani. Kulitoa bure kwa kila mwenye kadi kulipunguza uzito wake.

Lakini pingamizi lililouma zaidi lilitoka kwa wale waliopaswa kulifurahia. Ndugu Meneja alikaa katika nyumba ya mzungu kilimani, alipanda gari la shamba, na akitaka kufukuza mtu alifukuza. Wakubwa wapya waliopandishwa kwa sera ya kuwapa Waafrika madaraka walipewa jina la kejeli, manaizi. Katika mdomo wa mkata mkonge, "ndugu" likaanza kuvaa kejeli hiyo hiyo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikiri tatizo hilo bila ya kulificha: kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakisoma kifungu, wakakishika. Katika miaka iliyofuata, katika viwanda vya Dar es Salaam, migomo kadhaa haikuanzia mishahara. Ilianzia lugha chafu za mameneja, kama Issa Shivji alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya matabaka nchini. Mkubwa aliyeitwa Ndugu kwa barua, na ambaye aliwaambia watu "wewe" kwa mdomo, alifungiwa lango. Hili lastahili kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba namna ya kumwita mtu kazini ni anasa ya watu walioshiba.

Handeni mambo yalikwenda kwa sura nyingine. Huko mahali pa kazi hapakuwa ofisi; palikuwa shamba la kijiji. Kabuku kulikuwa na wakulima waliopanda mkonge wao wenyewe tangu mapema miaka ya 1960, na baada ya hapo wilaya nzima ikaingizwa katika vijiji vya pamoja, baadhi ya watu kwa ridhaa na wengi kwa kusukumwa. Neno ndugu lilifika pamoja na amri ya kuhama. Mzee wa Kizigua aliyeng'olewa kutoka kaburini pa babu yake akaambiwa "Ndugu, panda lori" hakuwa na sababu ya kulipenda. Si kosa la neno. Lakini maneno hushika harufu ya mkono unaoyatoa.

Visiwani nako neno lilikuwa na historia yake. Wafuasi wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu walijulikana kwa jina la makomredi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Sayyid na Sheikh, ambazo zilikuwa sehemu ya jina la mtu, zikawa maneno ya kutamkwa kwa uangalifu. Ndugu likachukua nafasi yao katika ofisi. Mitaani watu waliendelea kuitana kama walivyokuwa wakiitana.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Mheshimiwa alirudi naye, akajikalia bungeni na katika kila mkutano. Hakukuwa na waraka wa kuliondoa ndugu; liliondoka lenyewe, likabaki ndani ya CCM na katika barua. Mashamba ya umma yaliuzwa mwaka 1998. Wakulima wadogo wakaanza kupanda mkonge katika mashamba kama Ngombezi na Mwelya, na manamba likawa neno la wazee.

Pingamizi za Handeni na Korogwe zikiwekwa mbele ya zile za afisi za ng'ambo, zaonekana zina undugu wao. Uingereza, daktari David Mackereth alikataa kutumia viwakilishi ambavyo wahudumiwa wangejichagulia, akaeleza kwamba imani yake ya Kikristo haimruhusu. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ya ajira ilikubali kwamba imani yake inalindwa na sheria, lakini ikaona mwajiri alikuwa na haki ya kudai wahudumiwa waitwe watakavyo. Mwaka mmoja nyuma, 2021, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imempa Maya Forstater haki katika rufaa yake kwamba kuamini jinsia haibadiliki ni itikadi inayolindwa. Wengine hupinga kwa sababu tofauti kabisa: mtu ambaye hajawa tayari kujieleza, akiulizwa mbele ya kikao, analazimishwa kuchagua baina ya uongo na kujifichua. Pingamizi hili hutolewa pia na baadhi ya wale ambao desturi hiyo iliwekwa kwa ajili yao.

Huyu wa mwisho Mswahili anamwelewa pasipo kufafanuliwa. Adabu ya pwani haikutani na mgeni kwa kumwuliza yeye ni nani. Hukutana naye kwa salamu, halafu salamu nyingine, mpaka mgeni mwenyewe afunue anachotaka kifunuliwe. Kumwuliza hadharani habari za mwili wake au ndoa yake ni kumvua nguo. Wala haifuati kwamba aitwe vyovyote. Aliyekwisha kusema anavyopenda kuitwa, kisha mwenzake akakusudia kumwita vingine, ametukanwa, na hapo haidhuru kama tusi ni "wewe", "boi" au namba. Wapinzani wengi, huku na huko, hawakutenganisha kuulizwa na kuitwa. Walipinga la kwanza, wakajiona wamepewa ruhusa ya kulidharau la pili.

Katika ofisi za serikali za Korogwe na Handeni, barua bado huanza kwa herufi tatu. Mwandishi akiwa hajui kama jina lililoko mbele yake ni la mwanamume au la mwanamke, la mzee au la kijana, la mwenye mume au la mjane, huandika Ndg., akaweka nukta, kisha jina.